Sale Nililolipokea Bila Kuuliza

Wadogo zangu mnaobeba mlimani, kabla hamjaanza kunichungulia miguu nawaambia mapema tusipotezeane muda: wa kushoto hauna kidole hata kimoja, wa kulia vimebaki vitatu. Mmeshajua. Sasa tazameni juu mnisikilize.

Naitwa Protasi, nyumbani Kibosho, upande wa Umbwe. Nimesoma mpaka darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilikaa karibu na dirisha, macho yako Kibo. Kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, ipiteni kama mnavyopita mzizi njiani, inueni mguu. Lakini mambo ya mlima msinisahihishe. Hapo hakuna wa kunifundisha kuanzia getini mpaka barafuni. Na majina nitayataja. Faustini nitamtaja, Renatusi nitamtaja. Kuna watu wataninunia kanisani. Waninunie, viti vipo vingi.

Tuanze na kichwa, maana huko ndiko kazi ilikokuwa inakaa. Siku hizi mnabeba mabegi ya mgongoni yenye mikanda ya kiunoni, mnatembea mmenyooka kama mabwana shamba. Sisi ilikuwa kichwa na ngata. Ngata yangu ya kwanza niliisokota kwa shuka jipya, nikajiona maridadi. Tulipofika kwenye mizizi ya msitu wa Umbwe, pale njia inaposimama kama ngazi, shuka likateleza na gunia la viazi likateremka lenyewe likielekea mtoni. Jamaa aliyekuwa nyuma yangu akatua mzigo wake, akashuka kulifuata bila kusema neno, akarudi nalo, akaliweka mbele yangu. Hapo ndipo akafungua mdomo.

"We mwana wa nani?"

Nikamtajia wazazi wangu.

"Mama yako nambebea heshima, kila siku anapandisha majani ya ng'ombe kutoka bondeni. Hukuwahi kumwangalia kichwani?"

Mama alikuwa anatumia majani makavu ya mgomba, ndani kayazungushia kipande cha kanga. Nilikuwa nimeyaona tangu nazaliwa, ila kuyaangalia sikuwahi. Jani la mgomba halitelezi, linakunywa jasho, na likichakaa unalitupa bila kuumia roho. Mpaka naacha kubeba, ngata yangu ilikuwa ya mgomba.

Huyo aliyeniokotea viazi ndiye Wenseslausi, sisi tulimwita Wensi. Alinizidi kama miaka kumi. Mwembamba, shingo kama kisiki, na tabasamu la kutoa upande mmoja tu kama anabania. Kesho yake nikamwamkia, "Shikamoo kaka." Akaniambia, "Shikamoo za kule bondeni. Huku ukitaka kuniamkia, nishikie mzigo ninapotua." Nikawa namwamkia hivyo.

Ukuta wa Baranko yeye ndiye aliyenivusha mara ya kwanza. Nyie mnaujua: mwamba umesimama, wageni wanaupanda kwa mikono na miguu, na kila mmoja anaomba apigwe picha. Sisi mikono yetu haikuwa yetu, ilikuwa ya mzigo. Wensi aliniambia mzigo urudishe nyuma kwa vidole viwili, usikae katikati ya utosi, maana ukiinama mbele kidogo unagonga mwamba na mwamba unakusukuma nje, na huko nje hakuna kitu. Usigeuze shingo, geuza mwili mzima kama mtu mwenye jipu. Na pale kwenye jiwe la busu, lile jiwe linalokulazimisha ulikumbatie kwa tumbo ndipo upite, usijifanye mwanaume. Mpe mwenzako mzigo kwanza, ulibusu jiwe, kisha upokee mzigo wako. Nimemwona mtu mwenye nguvu kuliko mimi mara mbili akijaribu kupita na ndoo ya mafuta ya taa kichwani. Ndoo ilikwenda, yeye akabaki ananing'inia, na ile wiki tulikula viazi vibichi kwa hasira.

Mkishafika juu ya Ukuta asubuhi, wingu mnaliacha chini. Linatanda kama ziwa, Meru inatoa kichwa upande wa pili, basi, hakuna Moshi, hakuna Kahe, hakuna Tanzania. Mgeni mmoja aliniambia kwa Kiswahili cha kwenye kitabu, "Sisi iko kisiwani." Nikacheka. Siku nyingine nilikuja kukumbuka kwamba kwenye kisiwa huwezi kupiga kelele ukasikika ng'ambo.

Ngoja niwape kosa langu kwanza, msije mkasema huyu mzee anasema ya wenzake tu.

Kulikuwa na mgeni mmoja, mwalimu mkubwa wa huko kwao, mwenye ndevu nyekundu. Begi lake nililibeba mimi. Siku ya kwanza jepesi, nikashukuru Mungu. Siku ya pili zito. Ya tatu, shingo inalia. Mwenzenu nikasema nimelogwa, mizigo yote mlimani inapungua kwa sababu chakula kinaliwa, wangu unaongezeka. Siku ya nne nikalifungua. Mawe! Kila tulipopumzika yule bwana alikuwa anaokota jiwe, analiandika namba, analifunga kwenye gazeti. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikayamwaga yote chini ya mwamba, magazeti yake nikayatunza. Tukateremka mimi nikiimba. Hatua chache kabla ya kumaliza msitu nikachepuka kwenye kijito, nikaokota mawe ya pale, nikayafunga vizuri kwenye magazeti yale yale yenye namba zake. Yule bwana aliyapokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Nina hakika mpaka leo huko kwao wanayasoma mawe ya kijito ambacho mama zetu wanafulia.

Nilipomsimulia Wensi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha ghafla.

"Proti, usirudie."

"Kaka, si mawe tu!"

"Hata yangekuwa mavi. Mzigo wa mtu haufunguliwi. Ukifungua leo kwa mawe, kesho kitu kikipotea utasema nini? Sisi hatuna barua wala mhuri. Sisi tuna hiyo tu, kwamba hatufungui."

Likumbukeni hilo neno, litarudi.

Sasa Renatusi. Kahawa ilikuwa imeanza kufa, watu wanang'oa mibuni wanapanda nyanya, na ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imefungulia biashara, kila mwenye chumba Moshi mjini akaweka meza, akabandika picha ya tembo, akawa na kampuni ya mlima. Renatusi alikuwa muuza mitumba soko la Memorial. Mlima alikuwa anaujua kwa kuuona wakati wa kupiga mswaki. Lakini mdomo alikuwa nao, na wageni wakaanza kuja. Nguo za kubebea alitupa yeye, kutoka kwenye marobota yake yaliyokosa wateja. Mimi nilipata koti la kike la rangi ya waridi lenye manyoya shingoni. Nilipanda nalo misimu miwili. Wageni walinipiga picha kuliko walivyoipiga Kibo. Wensi alikuwa ananiita Bibi Harusi, na mimi nikawa namwambia alete mahari. Lilikuwa koti la joto, nalisifu mpaka leo.

Gaidi wetu, yaani kiongozi wa wageni, alikuwa Faustini. Neno hilo gaidi sikulitunga kumtukana, ndivyo tunavyowaita wote waongozao, tumelitohoa kwa wazungu. Ila kwake lilikaa kama lilivyo kwenye kamusi. Kiingereza alikijua, njia aliijua, kuimbisha wageni aliweza. Kitu kimoja hakuwa nacho: hakuwahi kubeba. Alianzia juu, mpwa wa Renatusi. Mtu asiyewahi kubeba anadhani kila kitu kinaweza kuachwa.

Asubuhi moja pale getini Umbwe mizigo ilizidi watu. Badala ya kuongeza watu, Faustini akaanza kupunguza mizigo. Akalishika turubai la wagumu, ndivyo tunavyoitwa wabebaji. Wageni walikuwa na mahema, sisi wabebaji tulikuwa na lile turubai moja, kubwa, zito, lina harufu ya moshi na miguu ya watu kumi. Wensi hakuwa anakubali lipangwe na vitu vingine. Alilikunja, akalibeba begani juu ya mzigo wake. Na alikuwa na desturi yake: mtu akitumwa kurudi nyuma kwa jambo lolote, anarudi na turubai begani.

"Hili libaki," Faustini akasema.

"Tutalala wapi?"

"Mapango yapo."

"Mapango yako huku Umbwe. Juu ya Ukuta pango liko wapi, nionyeshe kwa kidole."

"We Wensi unapenda kulala kama askofu. Liacheni kwa mlinzi, tutalipitia tukishuka."

"Tukishuka wapi? Tunashukia geti la Mweka!"

Watu wakaangua kicheko. Faustini akavimba. Renatusi alikuwa amekaa ndani ya gari, kioo chini, anasikia kila kitu. Akasema, "Jamani, si mnaitwa wagumu nyie? Mgumu gani analilia turubai? Gari linaondoka." Na gari likaondoka. Turubai likabaki kwa mlinzi. Hapo mkosaji si mlima wala hali ya hewa, wadogo zangu. Hapo wakosaji ni wawili, mmoja amesimama, mmoja amekaa garini, na wa tatu ni sisi tuliocheka tukabeba.

Siku ya tatu tukavuka Ukuta mapema. Tulipofika juu, mgeni mmoja mzee akajipapasa, akapiga kelele. Alikuwa na chupa ya pombe kali ya kwao, ya kunywea kileleni kwa ajili ya siku yake ya kuzaliwa. Aliificha chini ya jiwe kule kambini Baranko wenzake wasiione, akaisahau. Faustini hakufikiri mara mbili.

"Wensi, Proti, rudini mkaichukue. Mizigo yenu nitaigawa."

Wensi akanyoosha kidole kwenye wingu. "Faustini, iangalie Meru."

"Naiona wapi?"

"Ndicho ninachokwambia. Asubuhi ilikuwepo."

"Mgeni kasema," Faustini akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake.

Tukarudi. Chupa tuliikuta, imefungwa kwenye sweta, mdomo wake umemiminiwa nta nyekundu. Naomba mwishike hiyo nta. Tukaupanda Ukuta mara ya pili siku hiyo, mikono mitupu, chupa kwenye begi la Wensi. Katikati ya Ukuta ikaanza mvua, na tulipofika juu mvua ikageuka theluji ya ubavuni, ile isiyoanguka bali inakuja moja kwa moja usoni. Nguo zilikuwa zimeshalowa. Njia ikapotea. Alama za mawe tulizozijua kama majina yetu zikawa zote nyeupe. Wenzetu walikuwa wameshavuka bonde la Karanga na mahema yote. Wensi akapapasa begani, mkono ukakosa kitu. Nilimwona. Alifanya hivyo mara tatu siku ile, mtu mwenye desturi.

Tukajibanza chini ya mwamba ulioegama. Nami nikasema, "Kaka, tuifungue. Tunywe mafundo mawili tu."

"Mzigo wa mtu."

"Kaka, tunakufa!"

"Pombe inafungua ngozi baridi iingie. Na ni mzigo wa mtu. Vua viatu."

Sikilizeni hapa, hii ni kazi, si hadithi. Mguu uliokufa ganzi haupashwi kwa moto, haupigwi, hausuguliwi na theluji kama mnavyodanganyana. Unapashwa na mwili. Wensi alifungua shati lake akauweka mguu wangu wa kulia tumboni kwake, kwenye ngozi, akafunga koti juu yake. "Kwanza huu," akasema, "halafu tutabadilisha." Na lile koti langu la waridi nikamfunika yeye kichwa. Akasema, "Bibi Harusi, leo umenioa." Ndiyo ilikuwa kauli yake ya mwisho niliyoielewa. Baadaye alikuwa anaongea Kichagga na mama yake, na mama yake alishafariki.

Zamu ya mguu wa kushoto haikufika. Hivi vidole vitatu vilivyobaki kulia, si vyangu. Vya Wensi.

Asubuhi wagumu wa kundi jingine waliotoka Machame walitukuta. Walinibeba mimi mgongoni, yeye wakamfunga kwenye hema. Begi lilibaki pale chini ya mwamba, na aliyelifuata baadaye ni Faustini.

Nikiwa hospitali nimefungwa miguu kama mihogo, habari ikanifikia kabla sijatoka. Mji mzima unasema, Kibosho nzima inasema: wale wawili walitumwa chupa wakainywa, wakalewa, wakalala kwenye theluji. Na chupa ilionyeshwa, kule ofisini kwa Renatusi, imefika nusu. Wensi akazikwa kihambani, kwenye migomba ya nyumbani kwake, kama mlevi. Mke wake, Mama Klara, alikuwa akienda sokoni anaachiwa nafasi, mnajua ile nafasi, watu wanasogea si kwa heshima. Mtu ambaye hakufungua chupa akiwa anakufa.

Nilipoweza kutembea kwa gongo nilimfuata Faustini kilabuni. Alikuwa na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi. Nikamwambia mbele ya watu aseme nta aliibandua nani. Akanitukana, akamtukana na mama yangu aliyenizaa, matusi ambayo siyaandiki. Nikamtia gongo la kichwa. Nilianguka mimi kwa sababu ndilo lililokuwa limenishikilia, lakini lilimfika.

Sasa kosa langu kubwa. Lile la mawe lilikuwa la kuchekesha. Hili sijalicheka.

Baada ya wiki, wakaja nyumbani. Faustini, Renatusi, na mzee mmoja wa ukoo wao, tena mzee wa heshima. Wamebeba mbege, na Faustini ameshika sale. Kwa wasiotujua: sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa vihamba na makaburini. Jani lake ukilifunga fundo ukampelekea uliyemkosea, huyo hawezi kukusukuma. Anapokea, na akishapokea jambo limekufa, halisemwi tena. Babu zetu wamesamehe damu kwa jani hilo.

Mimi nilipomwona Faustini anainama na sale mkononi, machozi yakanitoka. Nikasema moyoni, Wensi, leo unaoshwa. Mzee akauliza, "Protasi, umepokea?" Nikanyoosha mikono yote miwili. "Nimepokea, meku, mzee wangu." Tukanywa. Renatusi akanishika bega, akaniita mdogo wake.

Jumapili iliyofuata nikamwambia Faustini, haya, twende kwa Mama Klara ukaseme. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda baharini.

"Nikaseme nini?"

"Si umeleta sale?"

"Nilileta sale kwa sababu nilimtukana mama yako. Kwani wewe ulidhani la nini?"

Nilikwenda kwa yule mzee. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, nami nililetwa kwa matusi ya kilabuni. Ulipopokea hukuuliza. Na sasa ukianza kuchokoa ya chupa, watu watasema Protasi anatafuna sale alilolipokea." Na kweli walisema. Kila nilipofungua mdomo niliambiwa, si mlishasameheana? Renatusi alijua. Yule muuza mitumba alijua kunifunga mdomo kwa jani moja. Nikanyamaza. Miaka, wadogo zangu. Nilikuwa nakutana na Mama Klara kwenye mfereji ananiambia "pole na miguu," nami namwambia "asante," naondoka.

Kazi ya kubeba ilikwisha, lakini mlima sikuachana nao. Walipoanza kupima mizigo getini kwa ukali nikapata nafasi ya kusimama kwenye mizani. Hapo niulizeni! Gaidi anayeficha uzito namjua kwa anavyosalimia. Akija na "shikamoo mzee Proti, habari za nyumbani, watoto hawajambo," najua kuna gunia limefichwa migombani. Nimewavua wagumu makoti matatu matatu waliyovaa ili mzigo uonekane mdogo. Na miaka yote niliyosimama pale, hakuna kundi lililopita bila hema la wabebaji. Walinuna, walipiga simu mjini, walinitolea macho. Nikawaambia, mizani ikikubali na mimi sijakubali, bado hamjakubaliwa.

Kisha siku moja akaja yeye. Nywele nyeupe, miwani ya jua, kundi la wageni nane nyuma yake. Nikapima. Nikatafuta.

"Hema la wagumu liko wapi, Faustini?"

"Proti, kaka, limesahaulika mjini. Watajibana kwenye hema la jikoni."

"Watasubiri liletwe."

"Wageni wanasubiri!"

"Watajifunza Kiswahili."

Akanisogelea, sauti ya chini. "Hivi wewe, haya mambo hatujamaliza tu? Si ulipokea sale?"

Vijana waliokuwa kwenye foleni ya mizani wakasogea karibu. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida, wala sikuipandisha. "Nilipokea la mama yangu. La Wensi sijaliona. Wewe umelipeleka wapi?"

Alikwenda kukaa kwenye gari. Hema lililetwa kutoka mjini, wageni nane wakiwa wamekaa kwenye nyasi wanakula ndizi. Na mimi nikiandika namba kwenye daftari nikagundua nimeandika namba ile ile mara tatu. Nimemuuliza mwenzangu amelipeleka wapi. Na mimi langu nimelipeleka wapi?

Jumapili, baada ya misa, nikakata sale mpakani kwangu, nikalifunga fundo, nikapanda kwa Mama Klara. Nilimkuta anakatakata mgomba wa ng'ombe. Klara mwenyewe alikuwepo, siku hizi ni mwalimu, amekuja kusalimia. Mama Klara akaliona jani. Panga akaliweka chini, mikono akaifuta kwenye kanga, lakini hakuinyoosha.

"La kosa gani?" akauliza.

Neno moja tu hilo. Neno ambalo mimi na usomi wangu wa dirishani sikuliuliza.

"La kunyamaza," nikasema.

"Kunyamaza nini? Anza mwanzo. Klara, njoo ukae hapa."

Nikaanza getini. Turubai, gari, Meru iliyopotea, jiwe, sweta. Hakunikatiza mpaka nilipofika kwenye chupa.

"Ilikuwa na nta?"

"Ilikuwa nayo."

"Rangi?"

"Nyekundu."

"Na aliiacha hivyo hivyo."

"Mimi nilimwomba aifungue. Akakataa. Akaniambia ni mzigo wa mtu."

Klara akainuka akaenda kusimama mlangoni, ametupa mgongo. Nikamalizia ya mwamba na mguu, na mama yake akaendelea kuuliza.

"Na huo mguu ulikuwa tumboni kwake."

"Huu wa kulia."

"Vua kiatu."

Nikavua, pale pale kwenye maganda ya mgomba. Akainama akavitazama vile vidole vitatu muda mrefu, mpaka ng'ombe akaanza kulalamika. Akavihesabu kwa kidole chake bila kuvigusa. Kisha akasema, kama anaongea na mtu mwingine, "Ndivyo alivyokuwa. Hata sukari ya jirani ukimtuma alikuwa haonji."

Ndipo akanyoosha mikono. Lakini kabla hajalishika jani akanitazama usoni.

"Lako nimelipokea, Protasi. Lako tu. La mwingine sijaletewa."

Mmeona? Ndivyo sale linavyopokelewa. Mimi mwanaume mzima nilishindwa, mama yule alifanya mara moja, bila mzee wa kumsimamia. Alilichomeka jani kwenye kaburi, upande wa kichwani, na Klara akalimwagia maji.

Kwa hiyo, nyie mnaobeba: ngata iwe ya mgomba hata kama wanawacheka. Mzigo kwanza, busu la jiwe baadaye. Mkirudishwa nyuma, hema begani. Mguu wa mwenzako tumboni kwako, na msichelewe kubadilisha. Jani ukiletewa, uliza ni la nini.

Na mkimkuta Faustini njiani, bado anapanda yule, miguu yake mizima, mwamkieni kwa adabu. Mwambieni Mama Klara yuko pale pale juu ya mfereji, Jumapili zote yupo, na mbwa amefungwa.